Mifuko Nyuma ya Mabeseni Yaliyopinda

Niseme mapema, msije mkaisikia kwa wengine: Mama Funguo alikuwa mwongo. Si mwongo wa kuchonganisha watu, la, wa kuhesabu. Miaka ishirini na sita alitunza stoo ya kiwanda cha ndoo na mabeseni, na karibu muda wote huo, akiwa na mifuko mia ya chembechembe za plastiki, aliandika tisini na kitu. Iliyobaki aliipanga nyuma kabisa, ukutani, akaiziba kwa rundo la mabeseni yaliyotoka mashineni yamepinda.

Sababu alikuwa nayo. Mwaka wake wa pili kazini, plastiki iliisha. Mashine zikanyamaza siku tisa, watu wakarudishwa makwao, na kila asubuhi alipita getini wenzake waliokuja kuulizia kazi wamekaa chini wakimtazama yeye na funguo zake, utadhani ndiye aliyeila hiyo plastiki. Toka hapo akajiapiza: akiba haiozi.

Aliyejua siri hiyo alikuwa mmoja tu, mpakuzi wa mizigo waliyemwita Winchi, kwa sababu enzi zake alibeba mifuko miwili kwa mpigo. Ndiye aliyeipeleka mifuko nyuma, na hakuwahi kuuliza. Wawili hao walitaniana tangu ujanani. Kila mmoja alishazika mwenzi wake, na bado saa nne kamili walikaa kwenye kreti moja wakinywa chai, mama akishona aproni za mafundi kwa uzi wa buluu ambao, kusema kweli, siku hizi ulikuwa ukiisha upesi mno.

"Dada, kichwa chako kimejaa funguo, akili imekosa pa kukaa," Winchi humwambia.

"Na wewe mgongo umechoka, mdomo bado mpya."

Kisha wakaja mawakala. Msitafute watu, ni programu za kompyuta, tatu, zenye akili ya kujiamulia. Wa kwanza aliangalia stoo ina nini. Wa pili alielewana na programu ya muuzaji, akaagiza. Wa tatu alipanga malori. Siku ya kuwaanzisha, kila kitu kilihesabiwa upya, na Mama Funguo, kwa aibu, akairudisha akiba yake mbele kimyakimya. Tangu hapo mzigo ukawa unafika siku unayohitajika, si mapema, si kwa kuchelewa, na stoo iliyozoea kujaa hadi darini ikabaki sakafu nyeupe. Meneja alifurahi. Mama Funguo roho ilimwenda mbio kila alipofungua mlango. Basi akarudia uongo wake: kila lori lililoingia, mfuko mmoja ukaenda nyuma.

Lakini wakala si mtu wa kumwonea mwenzake haya. Alilinganisha mizani ya getini, hesabu ya stoo na ndoo zilizotoka, na mwezi wa nne tangu aanze kazi akatoa taarifa: mifuko kumi na miwili haijulikani ilipo, na kila lori lililopungua lilipakuliwa na mtu yuleyule.

Meneja akamwita Winchi, akamuuliza mara tatu. Winchi akatazama viatu vyake. "Sina la kusema, bosi." Akaambiwa Ijumaa ndiyo mwisho wake. Mtu aliyebakiza miezi mitano astaafu, aondoke na jina la mwizi!

Mama Funguo alizipata habari hizo Alhamisi, saa ya chai, na Winchi mwenyewe alikuwa pale pembeni yake anapuliza kikombe.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Usinifanye mjinga."

Winchi akakiweka kikombe chini. "Dada, mimi wakinifukuza, nitapumzisha mgongo. Wewe wakikufukuza, asubuhi utaamka ufungue nini?"

Alitaka kumjibu kwa utani kama kawaida, machozi yakamtangulia. Alimpenda mzee yule, tusizunguke mbuyu. Alimpenda, na hakuwahi kumwambia.

Mficha uchi hazai. Akainuka na aproni yake mkononi hadi ofisini, akamkuta meneja na binti aliyewaleta mawakala, fundi wa programu.

"Mliyekuwa mnamtafuta ni mimi," akasema. "Ila sijaiba." Akaeleza yote, toka zile siku tisa.

Meneja akaitazama taarifa ya wakala. "Kumi na miwili?"

"Kumi na miwili. Haizidi, haipungui."

Wakaenda wote stoo. Mabeseni yakaondolewa moja moja. Fundi wa programu akahesabu kwa kidole, akarudia.

"Mama, hapa iko kumi na minne."

"Haiwezekani, mwanangu."

Akahesabu mwenyewe. Ni kweli. Mifuko miwili ya mwisho ilikuwa mikuukuu, midomo yake imeshonwa kwa mkono, mishono imekwenda upogo. Wote wakageuka kumtazama Winchi, aliyesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mifuko ikichanika, zile chembe zinazomwagika zinaandikwa taka," akasema. "Mimi nazifagia, nazipeta kwa ungo vumbi litoke, nazishonea humo."

"Za nini?" meneja akauliza.

"Za dada. Anaogopa sana kuishiwa. Nikasema, siku akiba yake nayo ikiisha, akikuta miwili asiyoijua, atatulia."

Meneja akakohoa, akamwambia fundi awaelekeze mawakala wake kwamba mifuko kumi na minne ni akiba ya kiwanda, haiguswi mpaka mkono wa Mama Funguo uruhusu. Na Winchi Ijumaa aje kazini kama siku zote. Fundi akampa mama kompyuta yake ndogo, na mama akaandika kumi na minne. Ilikuwa hesabu yake ya kwanza ya kweli tangu zile siku tisa.

Ndipo akainama kuutazama mshono. Uzi ulikuwa wa buluu.

"Huu umeutoa wapi?"

"Kwenye kikapu chako," Winchi akasema, macho chini.

"Kumbe mwizi ni wewe kweli," akasema Mama Funguo, akamshika mkono mbele ya watu wote, wala hakuuachia.