Makuta Tano Juu ya Sindano

Kwa Émerance, pale mtaa wa Kamalondo, ilikuwapo santuri moja iliyobeba sauti ya mama yake. Kwaya ya parokia iliirekodi miaka ya sabini, na katika wimbo wa mwisho, ubeti wa pili, mama Albertine aliimba peke yake. Familia haikujua nakala nyingine. Mama alifariki Émerance akiwa na miaka tisa. Picha zilibaki, lakini sauti ilikuwa pale tu.

Mwaka huu sauti hiyo ilianza kusikika kama ya mtu aliyejifunika gunia. Chombo cha marehemu baba kilikuwa kimezeeka chote: pikapu inayozungusha santuri, ampli ya kukuza sauti, na bafle mbili, yale masanduku ya spika, vitambaa vyake vimeliwa na panya. Kwa mshahara wa ualimu, Émerance angeweza kubadilisha kitu kimoja tu kabla ya misa ya kumwombea mama, Jumapili ambayo ndugu wote wangekuja kusikiliza.

Mdogo wake Mardochée, mfanyabiashara wa Kipushi, hakuwa na shaka. "Yaya, bafle kwanza!" alimwambia dada yake kwenye simu. "Kubwa, za bar. Mama asikike mpaka Sakania!"

"Mama aliimbaka mu kanisa, hapana mu bar."

"Basi na Mungu atasikia muzuri!"

Émerance alicheka, na maneno yakamwingia. Akabeba pikapu na santuri hadi kwa papa Gérard, fundi wa redio, azijaribu kwenye bafle zake kubwa. Wimbo ulipoanza, mama alisikika mkubwa kweli. Na mkwaruzo pia ukawa mkubwa, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni.

Gérard akainamia mkono wa pikapu. Juu ya kichwa cha mkono huo, pale sindano inaposhikiliwa, ilibandikwa sarafu ya makuta tano, ya enzi za Zaire.

"Na hii?"

"Ya papa yetu. Sindano ilirukaka, njo maana akatia makuta. Sisi batoto tulikatazwa kuigusa."

"Ba papa bote ba Kamalondo balitiaka makuta pale!" Gérard alicheka. "Njo banque yenye haikufungaka hata siku moja." Kisha akatazama sindano kwa kioo cha kukuzia, na kicheko kikaisha. "Mwalimu Émerance, hii sindano imekwisha, na makuta inaikandamiza. Haiimbe tena. Inalima. Kila mara unamusikiliza mama yako, unamulima."

Émerance aliigeuza santuri kwenye mwanga. Kwenye ubeti wa pili palikuwa na mstari wa kijivu. Miaka yote alidhani ni vumbi, akaupangusa kwa kitambaa kila Krismasi. Sasa alimwona baba akilini, baada ya chakula, akiinua mkono wa pikapu na kuurudisha, akiinua na kuurudisha, ubeti uleule, watoto wakijifanya wamelala.

"Sindano kwanza," alisema.

"Na bafle?"

"Zikae vile ziko."

Alibandua sarafu mwenyewe. Iliacha alama ya duara, safi kuliko sehemu nyingine zote. Gérard akatia sindano mpya, akasogeza kipande kizito kilicho nyuma ya mkono, cha kupunguza uzito wa sindano, ambacho baba hakuwahi kujua kazi yake.

Jumapili, baada ya misa, Mardochée aliingia sebuleni akitazama huku na huku. Bafle zilikuwa zilezile.

"Yaya, sasa umebadilisha nini?"

"Nyamaza. Kaa."

Kwaya ikamaliza ubeti wa kwanza. Kabla ya ule wa pili, katika kimya ambacho zamani kilijaa mikwaruzo, mwanamke alivuta pumzi. Hawakuwahi kuisikia pumzi hiyo ya mama. Kisha akaimba, sauti ndogo, safi, hadi pale pa kijivu, ambapo maneno matatu yalipita kama yanatembea kwenye changarawe. Hayo sindano mpya haikuweza kuyarudisha.

"Pale njo papa alimupendeaka mama," Mardochée alisema taratibu. "Rudisha kidogo, yaya."

Mkono wa Émerance ulikuwa umeshainuka kuelekea pikapu, kama ule wa baba. Akaushusha mapajani, akaacha wimbo uende mpaka mwisho.