Usimwamkie Mama Mkwe Mashine Ikiwa Inakata

Saa tatu asubuhi. Kwenye mlango wa bati wa karakana hii kuna maandishi ya chaki, herufi kubwa kubwa: UKIINGIA TAFADHALI USIMWAMKIE MAMA. UTAMWAMKIA UKITOKA.

Mwandishi wa makala haya anayasoma mara mbili, anameza salamu yake, anaingia kimya kimya kama mtu aliyechelewa msibani.

Ndani, mwanamume mnene mwenye kipara kinachong'aa ameinama juu ya mashine ya kijani iliyo kubwa kama kabati la nguo. Mtaa mzima unamwita Unywele. Jina hilo halikutoka kichwani kwake, maana huko hakuna hata mmoja. Limetoka mdomoni: kila akipima chuma lazima aseme, "Bado unywele."

Pembeni yake, kwenye kiti chenye mto, bibi wa miaka sabini na mitano ameketi mbele ya kompyuta. Mgongo umenyooka, miwani iko puani, na karibu na mkono wake wa kulia kuna kitufe chekundu cha kusimamishia mashine. Huyu ni mama mkwe wa fundi. Wateja nao wameona hakuna haja ya kutafuta jina lingine, wanamwita hivyo hivyo, Mama Mkwe.

"Thelathini na mbili," anasoma fundi.

"Thelathini na mbili," anaitikia mama, vidole vinapita kwenye kibodi bila yeye kuvitazama.

"Mkato."

"Mkato."

Neno hilo "mkato" limeingia karakanani majuzi tu. Kabla yake lilikuwepo jingine, la maana ile ile, ambalo leo ukilitamka hapa watu wote wanageuka kukutazama.

Mashine yenyewe ni ya kuchonga vyuma, na mafundi huiita milingi. Imemzidi Unywele umri, naye ana miaka hamsini na minane. Chuma kinabanwa kwenye jiliwa lililofungwa juu ya meza, kisu kinazunguka, na fundi anaisogeza meza kwa kuzungusha mikono ya chuma: mmoja wa kwenda kushoto na kulia, mwingine wa kwenda mbele na nyuma. Ameizungusha kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka bega la kulia likasema basi.

"Mwanzoni lilikuwa linauma nikifanya kazi," anasimulia. "Baadaye likawa linauma hata nikichana nywele."

"Zipi?" anauliza mama bila kugeuka.

Daktari alimwambia achague, bega au mashine. Habari zikafika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu wa mtaa huo, anayeitwa Mizani, na tangu hapo kila Jumatatu akawa anapita kujulia hali.

"Si hali yangu," anasema Unywele. "Hali ya mashine. Anaigonga gonga na kutega sikio, utadhani anachagua tikiti maji."

Fundi hakutaka kuuza. Kiwandani alikuwa ameona mashine za CNC, zile ambazo kompyuta ndiyo inayozungusha na fundi anabaki kutazama. Akajiuliza, kwani hii yake ina kasoro gani hata isipewe akili? Akaing'oa mikono ile, akafunga mota alizozitoa kwenye mtambo mkuukuu wa kufungasha biskuti. Siku za mwanzo, mota zikipata moto, karakana nzima ilinukia vanila.

Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuja, akatazama nyaya zilivyotapakaa, akatikisa kichwa. "Mashine umeipa akili, baba. Wewe umebaki na nini?"

Kilichobaki kilikuwa vidole, navyo havikufaa. Kila Unywele akibonyeza herufi moja zilitokea tatu. Mkewe yuko wodini kutwa. Katika ukoo mzima alibaki mtu mmoja tu anayejua kupiga chapa bila kuangalia, na mtu huyo alikuwa mama mkwe, aliyefanya kazi hiyo ofisini maisha yake yote.

Tatizo ni kwamba mama mkwe hakuwahi kumpenda sana. Wala hafichi.

"Mimi nilitaka mkwe wa kalamu," anasema. "Nikaletewa mkwe wa grisi."

Tangu astaafu, na baadaye mumewe kufariki, mama alikuwa anashinda dirishani kutazama wapita njia. Televisheni aliizima. Anasema ile inaongea tu, haisikilizi. Unywele alivaa shati alilofungia ndoa, vifungo vikigoma kukutana, akaenda kumwomba.

"Unanitaka nikafanye nini huko kwenye grisi?"

"Kupiga chapa, mama."

"Barua?"

"Namba."

Mama akafikiri. "Nitakuja. Lakini nikikuta grisi kwenye kiti, narudi kwangu."

Wakati huo kiwanda cha sabuni kilikuwa kinatafuta mtu wa kuchonga kalibu, vile vyuma vya kuminyia sabuni mpaka itoke na umbo na jina lake. Mviringo wa namna hiyo na herufi hizo huwezi kuzipata kwa kuzungusha mikono, hata ungekuwa na mabega manne. Msimamizi wa kiwanda akamwambia fundi: nitengenezee moja, ikinyooka zote ni zako. Isiponyooka, Mizani alikuwa ameshaahidiwa na fundi aje na lori kuichukua mashine.

Sasa tufike kwenye lile neno.

Programu aliyoipata Unywele inataka kila namba itenganishwe na nyingine kwa alama, na alama hiyo yeye tangu shule ya msingi anaijua kwa jina la koma. Basi siku ya majaribio, asubuhi yote ilikuwa ndiyo hiyo: kumi na mbili, koma, arobaini, koma, tano, koma. Mama anaandika, mashine inatii, hewa imejaa vanila. Mizani amesimama mlangoni, sura imemshuka.

Mara meza ikaanza kwenda kushoto badala ya kulia. Fundi mwenyewe alikuwa amefunga waya mmoja kinyume. Kisu kikawa kinalielekea jiliwa, chuma kwa chuma. Kitufe chekundu kiko upande wa mama, kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi.

Unywele akapiga ukelele: "Koma!"

Mama akaandika koma.

"Koma!"

"Nikadhani ya kwanza haikuingia," anaeleza mama. "Nikaongeza."

"Koma, mama! Koma! Koma! Koma!"

"Nikaona ananiharakisha. Mabosi wangapi wameniharakisha mimi, na hakuna hata mmoja aliyenishinda? Nikamwaga koma."

Kisu kikalila jiliwa, kikavunjika, kipande kikaruka mpaka kwenye kikombe cha chai cha fundi. Unywele akarukia ukutani, akachomoa umeme. Kwenye kioo cha kompyuta koma zilikuwa zimejipanga mstari mzima, safi, hata moja haikupinda.

"Hapo hapo ningenyamaza," anasema fundi na kujishika kipara. "Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikajieleza."

Alijieleza hivi: "Mama, nimesema koma!"

"Na nimeweka koma. Zihesabu."

"Sikuwa na maana ya koma ya kuandika! Nilikuwa nakwambia wewe ukome!"

Mizani anasema alivua kofia. Hajui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe.

Mama alivua miwani, akaitia kwenye mkebe wake, akaufunga, ta! Akauchukua mto wake na kuondoka taratibu, katikati ya barabara, ili kila mtu amwone.

"Miaka yote nilikuwa nasema huyu mwanaume hana adabu, wanangu wananibishia," anasema. "Siku hiyo nikapata shahidi. Tena mnunuzi wa vyuma chakavu."

Jioni muuguzi alirudi nyumbani habari ikiwa imeshamtangulia.

"Umemwambia mama yangu akome?"

"Nilikuwa naiambia mashine."

"Mashine siku hizi inaitwa mama?"

Unywele akahamia kwenye kochi. Waya alishaugeuza, kisu kipya alishakifunga, lakini wa kuandika hakuwepo. Akajaribu mwenyewe kwa kidole kimoja, akitumia ncha ya penseli, na kila akifika katikati anapotea. Msimamizi wa kiwanda anapiga simu kuuliza kalibu yake. Mizani naye akaja na mizani yenyewe, akaitua mlangoni akisema anaipumzisha tu. Fundi anakiri kwamba siku hizo aliogopa kweli kweli. Chakula angekipata kwa njia yoyote, lakini kuamka asubuhi asiwe na pa kwenda, hilo lilimnyima raha.

Mwisho alimchukua shangazi yake akamsemee. Shangazi akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, waliopo na wasiokuwepo. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ni mtu mzima," akasema. "Nikitakiwa kusimamisha kitu, niambiwe kwa heshima."

Wakajaribu maneno. "Samahani" mama akaliona la kuombea chumvi. "Tafadhali mama, naomba usimamishe" lilikuwa la heshima kabisa, ila mpaka fundi alimalize kisu kimeshakula meza na miguu yake. Ndipo mama akatoa la moyoni.

"Tangu uanze hiyo kompyuta, unaingia asubuhi macho kwenye mashine, hata kuniamkia huniamkii. Niamkie. Shikamoo siwezi kuiacha bila kuiitikia, hata nikiwa usingizini."

Ikapita. Koma ikawa mkato. Na kila mashine ikitaka kuharibu, Unywele hupaza sauti, "Shikamoo, mama!" Mama hujibu, "Marahaba!" na kiganja chake kikatua kwenye kitufe chekundu, paa! Walifanya mazoezi mpaka majirani wakaanza kusema yule fundi siku hizi ana adabu za kupitiliza.

Siku ya kukata kalibu ya sabuni kila kitu kilikwenda kama maji. Mviringo ukatoka. Jina la sabuni likaanza kutoka, herufi moja baada ya nyingine. Imebaki ya mwisho, msimamizi wa kiwanda akaingia mlangoni. Ni mtu aliyelelewa vizuri. Akamwona mama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba!" Paa!

Mashine ikanyamaza katikati ya herufi, meza ikiwa imeteleza kidogo kupita alama. Unywele anasema hata moyo wake nao ulisimama kumsubiri mama.

Hakupiga kelele. Alikuwa amejifunza. Akauchukua mkono mmoja wa zamani aliouweka chini ya meza, akauchomeka nyuma ya mota, akairudisha meza kwa bega lile lile bovu mpaka kisu kikagusa kilipoachia. Jasho linamtiririka. "Bado unywele," akasema. Kisha, "Tayari. Mama, naomba endelea."

Herufi ikakamilika. Msimamizi akapitisha ukucha juu ya chuma.

"Kuna mstari hapa."

"Unywele," akasema fundi, na kwa mara ya kwanza neno hilo likamtoka kwa aibu.

Msimamizi akapitisha ukucha tena. "Sabuni yenyewe mtu akinawa mara mbili, mstari umeshakwenda na maji," akasema. "Nichongee zote." Kisha akataka kujua kwa nini mashine ilizimika alipoingia. Alipoelezwa, alicheka mpaka akaomba kiti.

Mizani aliibeba mizani yake akaondoka. Fundi akaandika tangazo mlangoni.

Linabaki swali ambalo hata mtoto angeliuliza: kwa nini asifunge kitufe cha pili upande wake? Unywele anafungua droo. Kitufe kipo, kipya, bado kimo ndani ya nailoni yake, na waya wake unaweza kutoka mpaka nje ya mlango.

"Ni kazi ya nusu saa," anakiri na kuteremsha sauti. "Lakini nikikifunga, huyu si atarudi dirishani kutazama watu?"

Mpango wake sasa ni kuitia akili mashine yake ya pili, ile ya kukerezea. Kompyuta yake itakaa hapo hapo kwa mama, na kiti kitawekwa magurudumu.

Wakati wa kutoka, mashine ikiwa imetulia, mwandishi anatoa salamu aliyodaiwa tangu asubuhi. Mama anaiitikia, kisha anamshika mkono.

"Amekuonyesha kile kitufe cha kwenye droo?"

"Amenionyesha, mama."

"Usimwambie kama nakijua." Anarekebisha miwani. "Na wewe ukiandika, andika waya ni mfupi."

Nyuma yake mota zinaanza kuunguruma, harufu ya vanila inapanda, na haupiti muda kipande cha chuma kinanasa kwenye kisu.

"Shikamoo, mama!"

Kiganja kinatua.

"Marahaba, mwanangu."