Ikitembea ni Motokari, Ikisimama ni Nyumba

Katika mtaa wetu wa Kolwezi, mi njo mwanamke wa kwanza kwenda utalii. Wajukuu wangu wakisikia wanacheka, lakini niko na ushahidi: muhuri wa mpaka kwenye karatasi yangu ya safari, na mguu wa kulia ambao mpaka leo unakanyaga breki nikipanda gari la mtu mwingine.

Ulikuwa mwaka ule wa kufukuzana. Kazi ilikuwa imekufa, mashine za mgodi zimenyamaza, na wazungu walikuwa wamepanda ndege baada ya watu kupora maduka. Mmoja wao, injinia, alimwachia bwana yangu ufunguo wa motokari-nyumba yake. Ni gari lenye kitanda, meza, jiko la gesi na rido za kitambaa kwenye madirisha. Siku za vakanse injinia na mke wake walilala humo kando ya ziwa, wakachomwa na jua, wakarudi wamefurahi. Bwana yangu alikuwa fundi wa mitambo, na yeye ndiye aliyelitengeneza kila lilipoharibika. Injinia alisema atarudi baada ya miezi mitatu. Bado tunamngojea.

Sasa, bwana yangu alikuwa mtu wa Kasai. Alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, hata jino lake la kwanza lilimtoka Kolwezi, lakini mwaka ule vijana walipita nyumba kwa nyumba wakisema mtu wa Kasai arudi kwao. Stesheni ilijaa watu na magodoro yao wakingoja treni. Binti zetu wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja Kisenge, mmoja Dilolo, kwa wanaume Walunda, hakuna aliyewagusa. Na mi mwenyewe ni mtu wa kaskazini ya Katanga, sikufukuzwa na mtu. Kwa hiyo majirani walimwendea mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Mutshatsha kutuangalia, wakamshauri amchukue binti yake, mume aende zake peke yake. Mama alikuwa anachambua majani ya sombe. Hakuinua kichwa.

— Ule mwanaume nilimupa mutoto, akasema. Sikumukopesha.

Kesho yake alipanda motokari-nyumba na kifurushi chake, akakaa kwenye dirisha la nyuma. Hakuna aliyemwalika. Alisema vijana wa barabarani wakiona ndani yake mwanamke mzee wa hapa, mawe yatabaki mikononi mwao. Ilikuwa kweli. Kila kizuizi kati ya Kolwezi na Likasi, kijana akiinua fimbo, mama alitoa kichwa dirishani akamwuliza kwa Kiluba yeye ni mtoto wa nani, na kama aliyemzaa anajua kazi anayofanya. Fimbo zilishuka zenyewe.

Shida yetu haikuwa barabarani, ilikuwa humo ndani. Ilikuwa buko.

Kwetu, mwanaume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani jina, na hawalali chini ya paa moja hata mvua inyeshe mawe. Kolwezi ilikuwa rahisi: mama akija, alilala kwa jirani. Lakini motokari-nyumba ni hatua saba, ukihesabu na choo. Siku ya kuondoka bwana yangu alisimama mbele ya mlango, ufunguo mkononi, kama mtu aliyefika mtoni asijue kina. Ndipo mama akatoa sheria. Aliniambia mimi, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

— Ikitembea, iko motokari. Motokari kila mutu anapanda. Ikisimama, iko nyumba.

Nikatundika kitenge nyuma ya kiti cha dereva, tukaenda. Mchana bwana yangu alikuwa shofere. Jioni, moteri ikizimwa tu, alishuka na blanketi lake akalala nje karibu na mbabula, lile jiko la makala.

Na ulikuwa mwezi wa sita. Mtu ambaye hajalala nje Katanga mwezi wa sita asinifundishe baridi. Mupepo unakata masikio, na asubuhi nyasi ziko nyeupe. Bwana yangu alikuwa na kifua kibaya, miaka ishirini alikula vumbi la mashine ya kuvunjia mawe, na daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba baridi ndiyo itamwua. Mi nilijua, yeye alijua, mama alijua. Na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja buko. Nilijaribu kukunjua kile kitambaa cha kivuli kinachotoka ubavuni mwa gari, alale chini yake. Mama akakiangalia, akasema kimeshikana na nyumba, basi ni paa la nyumba. Nikakikata, nikakifunga kwenye miti. Mama akakubali kwamba sasa ni paa lingine. Upepo ukakibeba usiku uleule.

Mpakani Kasumbalesa bwana yangu alivaa koti na tai. Hakutaka kuitwa mkimbizi, maana mkimbizi anafungiwa kambini. Ofisini alimwambia afisa kijana kwamba tunaenda turisme, kuangalia yale maji makubwa yanayoanguka huko kusini. Afisa akamwuliza ni nani anatembea kwenye baridi hii.

— Batu ba akili, bwana yangu akajibu. Saa hii hakuna watu, tutaona maji yote peke yetu.

Afisa karibu akubali. Lakini akanyoosha kidole kwa mama, akauliza yule mzee ni nani na jina lake ni nani. Bwana yangu akaangalia viatu vyake. Angetajaje jina la mama mkwe? Akasema aulizwe mke wake, na mi nilikuwa nimetoka kwenda chooni. Afisa akamgeukia mama, akamwuliza huyu mwanaume anayemwendesha ni nani kwake.

— Mi simuone, mama akasema, uso ukutani.

Niliporudi nikakuta bwana yangu anaambiwa kwamba ameiba mwanamke mzee. Alikuwa ametoka jasho katika baridi ile. Kwa bahati akatoka afisa mwingine, mtu mzima, Mubemba, akamtazama huyu anayeangalia viatu na yule anayeangalia ukuta, akaanza kucheka mpaka akashika meza.

— Ni buko, akasema. Hata kwetu iko. Bapite, masikini. Ule baba ameshafungwa, usimufunge mara ya pili.

Akatugongea muhuri. Utalii ukaanza.

Siku tano za kwanza Zambia zilitosha kumwangusha. Usiku alikohoa nje, mchana aliendesha na macho mekundu. Siku moja kabla ya kufika Kabwe usingizi ulimchukua, gari likaacha barabara, likaingia polepole katika shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Tukasimama. Halafu nyuma ya kitenge sauti ya mama ikaniambia nimwulize shofere kwa nini tunalima.

Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli. Na katika kulia huko akili ikanijia. Ikitembea ni motokari, na motokari kila mtu anapanda, sivyo? Basi hata aliyelala chali na blanketi tatu. Nilimwambia bwana yangu anifundishe kuendesha.

Alinifundisha asubuhi moja kwenye uwanja wa mpira. Aliniambia gari ni kama kutwanga, mikono inajua kabla ya kichwa. Uongo. Niliangusha goli moja. Tena Zambia wanapita upande wa kushoto, na usukani wetu ulikuwa wa Kongo, kushoto, kwa hiyo ili kulipita lori ilinibidi kumwuliza aliyekaa kuliani kama mbele kuna kitu. Na aliyekaa kuliani alikuwa mama. Yeye alihamia mbele, bwana yangu akahamia kitandani nyuma ya kitenge. Mama alikuwa hajawahi kukaa kiti cha mbele maisha yake yote. Alikaa kama mke wa gavana. Nikimwuliza kama lori linakuja, alinijibu kwanza limebeba nini, na kama dereva wake amenyoa.

Hivyo ndivyo tulivyozunguka nchi ya watu. Kila asubuhi nilimpandisha bwana yangu akiwa anatetemeka, nikawasha moteri, akalala kwenye joto mpaka jioni. Sikuweza kusimama, kwa hiyo ilibidi twende mahali. Lusaka, Kafue, Choma, mpaka kwenye maji yale yanayoanguka. Kambi za watalii zilikuwa tupu. Walinzi walituambia watu wanakuja wakati wa joto, na saa hii kuna nyani tu. Walituonyesha mahali pazuri pa kuegesha, sisi peke yetu, kama mabwana. Kwenye maji nilisimama mdomo wazi, moshi wake umenilowesha nguo. Mama alitazama muda mrefu, akasema maji yote haya na hakuna hata mtu mmoja anayefua.

Lakini mazutu, mafuta ya gari, hayazaliani. Tulitoka Kolwezi na mapipa mawili, na tukiwa tunarudi kaskazini, ukingoni mwa mto Kafue, gari likakohoa mara mbili likanyamaza. Niliteremka nikapiga pipa kwa mkono. Tupu. Kijiji cha karibu kilikuwa mbali, na bwana yangu alikuwa ameshuka tayari, kwa maana sheria ni sheria. Alikaa kwenye mzizi wa mti, blanketi mabegani, anawaka homa. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Nikajua usiku mmoja zaidi nje, na nitarudi Kolwezi mjane.

Nikamwendea mama. Sikumwomba kwa upole. Nilimwambia kwamba heshima yake itamzika mtu. Yeye alikuwa anaangalia mto. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji, kwa hasira, ili nisiseme neno baya kwa mama yangu.

Nilikuwa napanda kutoka mtoni niliposikia mama ananiita, kwa ile sauti ya kusikika na wawili.

— Ambia ule anayekaa chini apande. Motokari inaondoka.

Nikamwambia mazutu yameisha.

— Nilikuuliza mazutu? Panda, shika usukani yako.

Nikapanda. Bwana yangu akapita kwa mlango wa nyuma, nikasikia kitanda kikilia. Mama alikaa wima kiti cha mbele, akatazama kioo cha mbele. Mbele yetu mti uleule, mto uleule.

— Tumepita shule, akasema. Batoto banacheza. Sasa duka ya rangi ya bulu. Angalia ngombe, punguza.

Nikapunguza. Nilikanyaga breki ya gari lililosimama, nikageuza usukani, machozi yakinitoka na kicheko kinanibana. Mama hakucheka. Alitaja madaraja, makanisa, mwanamke amebeba kuni, akazilaumu kuni kwamba ni mbichi. Jua likazama, akaniambia niwashe taa. Na nyuma ya kitenge bwana yangu, kwa sauti ndogo sana, akaniambia nimwambie mama kwamba mbele kuna kona mbaya, tuende polepole.

— Nimeiona, mama akasema. Muambie alale.

Alikuwa hajawahi kumjibu.

Tuliendesha hivyo siku tatu. Mama alisinzia akiwa amekaa, akishtuka alitaja mji. Nilimpa bwana yangu uji na maji ya moto, nikamfunga kifua kwa kitambaa cha mafuta. Siku ya nne asubuhi homa ikamwacha. Alitoka mwenyewe, miguu inacheza, akaniomba wembe na sabuni.

Mama akamsubiri aende mpaka mtoni. Halafu akaniambia nisimamishe. Nikavuta breki ya mkono. Akafungua mlango, akashuka, akajinyoosha huku ameshika kiuno, akaanza kunilalamikia kwamba barabara za nchi hii zina mashimo, na mgongo wake umekufa kabisa.