Bibi Alivyokagua Betri ya Vifaranga

Usiku ule nililala nimenuna, mimi ambaye hata nikiwa na homa hucheka. Vifaranga wangu watatu walikuwa wamekufa kwa baridi, na kichwani nilishamkamata mwizi wa umeme: dada yangu Neema.

Hesabu niliipiga mwenyewe. Betri ya sola ni ya volti kumi na mbili, ampea-saa arobaini. Balbu ya gari ninayowapashia vifaranga joto ni wati ishirini na nne. Wati gawanya kwa volti, ampea mbili. Arobaini gawanya kwa mbili, saa ishirini. Shule niliishia la saba, lakini hiyo naiweza. Sasa mbona balbu ilizimika baada ya saa sita? Saa kumi na nne kala nani? Na Neema, tangu amkimbie mume aliyekuwa akimpiga, kila usiku nilimsikia akinyata kwenda bandani kwa vifaranga, iliko betri.

"Unachaji simu za watu, eh?" nilimuuliza jioni.

"Kaka, hata yangu nimeshaiuza. Nichaji nini, masikio?"

Sikucheka. Niliamua asubuhi nimwambie arudi kwa mumewe, ingawa moyo uliniuma.

Usingizi ukanichukua, nikajikuta jikoni kwa marehemu bibi yetu. Moshi ulikuwepo, ila haukuwasha macho. Mbele yake vyungu sita, kila kimoja kimefungwa waya kwenda kwa mwenzake. Nikamtilia shaka. Bibi alifariki kabla hatujafunga sola.

"Mume wangu," akaniita, kama alivyoniita tangu utoto, "kila chungu kina volti mbili. Vyote?"

"Kumi na mbili. Lakini bibi, haya umeyajulia wapi?"

"Huku muda tunao. Funua."

Nafunua. Cha kwanza, vibati vya madini ya risasi vimezama kwenye tindikali, vinatoa mapovu. Cha pili vile vile, mpaka cha tano. Naangaza macho, nina hakika Neema kajificha nyuma ya mlango na rundo la simu. Mlango haupo. Tuko bandani, vyungu vimekuwa vyumba vya betri yangu, na mkono wa bibi unausukuma wangu hadi kifuniko cha sita. Ndani pakavu. Vibati vimepauka kama mifupa.

"Maji uliongeza lini?"

Nilidhani betri ukishainunua, basi.

"Mbili mara tano?"

"Kumi."

"Na hizo kumi nazo zinapitia humuhumu. Unyevu uliobaki ulikupa saa sita tu; pakikauka kabisa, wenzake watano hawana njia. Umeuliza nani kaiba umeme, mume wangu. Hukuuliza kama huo umeme ulikuwepo."

Nataka kumshika mkono, nashika mto.

Kumekucha. Nikakimbia bandani na bisibisi, nikafungua kifuniko cha sita. Pakavu. Balbu imezimika. Pembeni Neema ameketi sakafuni anasinzia, na vifaranga wote waliobaki wamo ndani ya khanga yake, wamebanwa tumboni, wanalia taratibu.

Akashtuka. "Usinifokee, kaka. Taa ikizima huwa nawapasha mwenyewe. Wale watatu walikufa usiku usingizi uliponishinda."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikapiga magoti, nikachukua vifaranga wanne nikawatia ndani ya shati langu.

"Kalale, Neema," nikamwambia. "Hapa ndipo kwako."