Nusu ya Nini?

Mama Pacha aliliangalia bati lililochanika. Siku ile mwezi wake wa majaribio ulikuwa unakwisha, na bosi wa karakana alishasema: mdomo wa kushushia nafaka ukitoka vizuri, kazi ni yako, ukiharibika, usijisumbue kurudi. Bati lilikuwa limebaki moja.

Kosa lenyewe hakulielewa. Mchoro wa injinia uliandikwa "pinda 0.5", basi. Pale karakanani kona ya mraba huiita nzima, na nusu yake, nusu. Akapinda nusu. Bati likagoma kukaa kwenye fremu, na alipolikunjua likachanika.

"Limekukosea nini, mwanangu?" alimtania Mzee Koleo, fundi wa siku nyingi. "Mpigie injinia mwenyewe umuulize."

Akampigia.

"Samahani injinia, hii nusu ni nusu ya nini?"

"Nusu tu, dada. Haina kipimo."

"Nusu digrii?"

"Ingekuwa digrii ningeandika. Huu ni urefu wa ukingoni mwa duara, ugawanye kwa urefu wa kutoka katikati. Mita kwa mita, zinafutana."

"Zikifutana zinakwenda wapi?"

Injinia alicheka mpaka akakohoa. "Chora duara. Pima kwa kamba toka katikati mpaka ukingoni. Kamba hiyo ikunje katikati ibaki nusu, ilaze ukingoni. Inapoanzia na inapoishia, piga mistari mpaka katikati. Pembe yako ndiyo hiyo."

Mfukoni alikuwa na kamba ya kiatu cha mwanawe. Akachora kwa chaki kuzunguka mfuniko wa ndoo, akapima, akapata pembe nyembamba. Hakuamini. Akachora tena kuzunguka tairi la toroli. Pembe ile ile! Badala ya kutulia, kichwa kikazidi kumzunguka.

Akafumba macho kidogo, akalipinda bati la mwisho kwa pembe ile.

Bati likakaa kwenye fremu, tuli. Bosi akalipapasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kesho uwahi."

Alifurahi, tena sana. Lakini kamba ilikuwa bado mkononi.

"Mzee, kama haina kipimo, mimi nimepimia nini?"

"Usiniulize mimi. Mimi natafuta kofia yangu niende nyumbani."

Akachukua penseli, akaandika kwenye mchoro, mbele ya ile 0.5: kamba. Akaiangalia. Akaifuta. Kisha akawaza atakayeukuta mchoro huo kesho, akaiandika tena.