Gitaa la Mjomba Lililofungwa Gundi

Nikiulizwa kwa nini nalipenda gitaa la aina hii, lile la umeme lenye pembe mbili na pikapu tatu, huwa naanza kwa hasira. Si hasira kubwa. Ni ile ya mtu aliyeulizwa kwa nini anampenda mamake. Ikishapoa, nakuta nina mengi ya kushukuru, na mengi yenyewe yanamhusu huyo huyo mama.

Kwa wasiolijua, nieleze. Chini ya nyuzi za gitaa hili kuna pikapu tatu, yaani visumaku vinavyoshika mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Ya mbele imekaa karibu na shingo, na sauti yake ni nzito, ya chini, kama ya mtu anayeongea akiwa ameshiba. Ya nyuma hulia kwa ukali na kupenya kelele zote. Ya kati ni ya kati. Halafu kuna swichi ndogo ya kusukumwa kwa kidole, yenye nafasi tano, ya kuchagua ni pikapu ipi iongee au ni zipi mbili ziongee pamoja. Kwa hiyo gitaa moja utalikuta asubuhi kanisani likiwasindikiza kina mama wakipeleka sadaka, na alasiri ya siku hiyo hiyo utalikuta kwenye harusi huko Mwala likipiga benga, muziki wetu wa dansi, vumbi limefika magotini. Mimi sijaona chombo kingine chenye subira ya namna hiyo.

Tunaolipenda hukutana Jumamosi alasiri mjini Machakos, kwenye baraza ya duka la fundi wa redio, mama mmoja mcheshi anayepiga gitaa kwenye kwaya ya kwao. Kila mtu huja na lake. Mengi ni ya kuigiza, yaliyotengenezwa mbali na kuuzwa bei ya mbuzi, lakini ukimwambia mwenyewe hivyo mtakosana. Tunakunywa chai na kubishana kuhusu nafasi za swichi kama wakulima wanavyobishana kuhusu mbegu. Mwalimu mmoja wa sekondari huapa kwamba nafasi ya nne ndiyo iliyompatia mke. Mkewe, tukimuuliza, husema alimkubali kwa sababu alikuwa na ng'ombe wa maziwa.

Katika mabishano hayo mimi nilikuwa nakaa kimya, kwa sababu gitaa langu lilikuwa na nafasi moja tu. Swichi yake ilikuwa imefungwa kwa gundi, nyuma kabisa, kwenye ile sauti kali. Waliniita Jogoo. Walisema gitaa langu linajua wimbo mmoja, wa kuamsha watu.

Gundi hiyo iliwekwa na mjomba, kaka yake mama. Alikuwa mpiga solo wa bendi ya benga iliyozunguka Mwala, Wamunyu na kwingineko, na gitaa hili ndilo lililomlisha. Siku moja kwenye dansi ya harambee, wimbo ulipofika pale watu wanapongojea, pale mwimbaji ananyamaza na solo inapanda, mkono wa shati lake ukagonga swichi. Sauti ikazama. Walioko nyuma hawakusikia kitu, wakasimama wakitazamana, na mcheza dansi akisimama katikati ya benga hasahau. Mjomba alirudi nyumbani akasukuma swichi nyuma, akamwaga gundi. Wapiga solo wengine wa sehemu zetu walipoona hivyo nao wakafunga zao. Ikawa ada. Mpiga solo mwenye swichi inayocheza alionekana kama dereva ambaye mlango wa gari lake haufungi.

Vidole vyake vilipoanza kukakamaa, alinipa gitaa hilo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya kiwandani kule Mavoko na nilikuwa napiga kwa kujifurahisha tu. Alilishika kwa muda kabla ya kuliachilia.

"Hii usifungue," akaniambia, kidole chake kikiwa juu ya gundi. "Solo inatakiwa isikike mpaka na mtu amesimama nje ya seng'enge."

Akafa baadaye, na ile gundi ikawa kwangu kama kaburi. Fundi wa redio alijitolea kuifungua mara nyingi, bure, nikakataa. Siku moja alisisitiza nikabeba gitaa langu nikaenda zangu, chai nikiiacha mezani. Ndivyo nilivyo.

Sasa mama. Anaishi Kola, kwenye shamba letu, na tangu mjomba atutoke nimekuwa nikienda kwake Jumapili baada ya kanisa. Anakula, mimi nakula, kisha anatoka na kiondo anachosuka na kukaa kwenye baraza ya jikoni. Mimi naunganisha spika ndogo na stima ya pale jikoni, na tunaimba wimbo wa mjomba. Aliutunga wakiwa watoto wachunga mbuzi, kabla hata hajashika gitaa la kweli. Unahusu ng'ombe dume aliyekataa kulima, mpaka mwenyewe akajifunga nira akavuta plau, na ng'ombe akafuata nyuma akimkosoa. Mama huimba sehemu ya mwenye shamba. Gitaa ndilo ng'ombe.

Katika muziki wetu kuna adabu. Sauti ya mtu inaita, gitaa linajibu, na mwimbaji harudi mpaka gitaa limalize jibu lake. Kumkata mpiga solo ni utovu wa adabu, sawa na kumkata mzee akiongea. Na mpiga solo naye hatakiwi kurefusha maneno. Mama ndiye aliyenifundisha haya, kwa sababu mjomba hakuwa na subira na wanafunzi. Nilipokuwa najifunza, nikichelewa au nikijishaua kwa kuongeza noti za bure, nilipigwa kofi la gotini. Mkono wake ni wa mtu aliyelima maisha yote, kwa hiyo nilijifunza haraka.

Basi Jumapili moja, tulipokuwa tumemaliza kupura maharagwe, mama akaita na mimi nikajibu, na kabla sijafika katikati ya jibu akaita tena. Alinikata. Nikadhani amechoka. Nikarudia, naye akanikata tena, safari hii mapema zaidi. Kisha akainua uso kutoka kwenye kiondo, akaniuliza kwa Kikamba, kwa upole kabisa, "Mbona hunijibu?"

Vidole vyangu vilikuwa bado vinatembea. Nikatazama spika, taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Nikaongeza sauti mpaka kuku wakatawanyika na mbwa akaenda kulala upande wa pili wa boma. Mama aliendelea kutazama mikono yangu, anatabasamu kidogo, kama mgeni anayehudhuria misa ya lugha asiyoijua. Niliogopa. Sijui neno jingine la kusema. Niliogopa kama mtoto.

Nilimpeleka hospitalini mjini. Daktari alieleza kwamba uzee huanza kwa kuchukua sauti za juu, ndege wadogo, filimbi, watoto wakiita kutoka mbali, na kwamba sauti za chini hukaa na mtu muda mrefu zaidi. Mama akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kanisani anakivaa, maana anataka mahubiri. Nyumbani anakiweka kwenye bakuli la sukari, anasema kinafanya sufuria zipige kelele kama zinagombana. Nilijaribu kumpigia gitaa akiwa amekivaa. Alivumilia kidogo, akakitoa, akasema ng'ombe wa mjomba amemeza misumari.

Naomba kieleweke kilichokuwa kinaniuma. Kanda za bendi ya mjomba ziliharibika zamani, na wimbo wa yule ng'ombe haukuwahi kurekodiwa hata mara moja. Uliishi kwa watu watatu, kisha kwa wawili. Mama asiponisikia, ningekuwa namjibu nani? Ningebaki na jibu lisilo na mtu wa kuita, na mama angebaki akiita kwenye baraza ya jikoni akidhani mwanawe amenuna.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wenzangu. Hakuna aliyeniita Jogoo siku hiyo. Fundi aliweka kikombe chini akaniuliza kama mama bado anasikia sauti za chini. Nikasema ndiyo, hata lori likipita barabarani huniambia.

"Basi jibu lako liko hapo mbele," akasema, akionyesha pikapu ya shingoni. "Wewe ndio umelifungia."

Nikawaka. Nikasema mambo ya mjomba hayajadiliwi na watu ambao hawakumjua. Mwalimu akanung'unika kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na nilijua fika kwamba sikio analosema si la mama. Nikaondoka tena. Lakini chai safari hii niliimaliza kwanza, na nadhani fundi aliliona hilo.

Kesho yake nilifika Kola nikaacha gitaa ndani ya mkoba wake. Nilimkaribia mama, nikainamia sikio lake, nikamweleza polepole kwa sauti nzito: kwamba gitaa hili lina sauti nyingine, ya chini, ambayo huenda akaisikia, kwamba ili niipate lazima nivunje gundi ya kaka yake, na kwamba aliniagiza nisiifungue. Nikamwambia sitaigusa bila ruhusa yake. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye uteo na hakuacha kuchambua. Alipomaliza alichokuwa nacho mkononi, alinijibu.

"Kaka yangu alifunga ndio watu wasikie," akasema. "Sasa asiyesikia ni mimi. Unafikiri kama ni yeye angekuwa bado anangoja?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nalinda gundi, na kumbe mjomba hakuwa na habari na gundi. Aliyekuwa akimjali ni yule mtu aliyesimama nje ya seng'enge. Nilimshika mama mkono, akaniambia nimsaidie kuokota maharagwe yaliyoanguka.

Fundi aliifungua siku mbili baadaye, nilipotoka kazini, nikimsimamia kana kwamba ni daktari anayemfanyia mwanangu upasuaji. Aliipasha gundi moto kidogo kidogo kwa chuma chake cha kuchomea waya, akaikwangua kwa ncha ya kisu. Nilitarajia tukute kila kitu kimeshikana humo ndani. Lakini chini ya gundi mjomba alikuwa ameweka kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kimekatwa vizuri na kupangwa kuzunguka swichi, ili gundi isiingie ndani. Fundi akakitoa, akakiweka kwenye kiganja changu. Mtu anayefunga kitu moja kwa moja hahangaiki hivyo. Mjomba alikuwa ameacha nafasi ya kubadilisha nia, na hakuniambia, labda kwa sababu na yeye alikuwa na kiburi cha kwetu.

Swichi ikasogea. Nilisikia kwa mara ya kwanza sauti nne nilizokuwa nimezibeba begani kwa nusu ya maisha yangu bila kuzijua. Ya pili ilikuwa na maji maji ndani yake. Ya nne, nakiri, ingeweza kumpatia mtu mke. Jumamosi wenzangu walilipokezana gitaa baraza nzima, na nikawaacha walishike, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mwalimu alisema Jogoo amejifunza lugha. Nilicheka nao, na nikamwomba fundi msamaha kwa kile kikombe cha kwanza. Alisema kilinywewa na mtu mwingine, nisijione wa maana sana.

Jumapili nilikwenda Kola mapema. Niliusogeza wimbo wote kwenye nyuzi nene, chini ya pale mjomba alipokuwa akiupiga, nikasukuma swichi mbele kabisa mpaka shingoni. Kifaa chake kilikuwa kwenye bakuli la sukari. Spika niliiweka sakafuni, karibu na kiti chake, sauti ya kawaida tu, kuku wakaendelea kula.

Mama akasuka kidogo, kisha akaita. Alimwita ng'ombe aje ajifunge nira.

Nikajibu. Mkono wake ukasimama juu ya kiondo, uzi umening'inia. Hakuinua uso. Alikuwa ameelekeza kichwa upande wa spika, midomo imefunguka kidogo tayari kwa mstari unaofuata, lakini hakuuimba. Alikuwa anangoja. Nikafika mwisho wa jibu kama mjomba alivyolipanga, na kwa kuwa sikuamini, sikukoma. Nikaongeza mzunguko mmoja ambao haumo kwenye wimbo, halafu mwingine, macho yangu yakiwa yamejaa kiasi kwamba sikuona nyuzi. Bado alingoja. Noti ya mwisho ilipokwisha kabisa, akaingia mahali pake, sawasawa, akamwambia ng'ombe kwamba amesikia sababu zake zote.

Kisha akanyoosha mkono akanipiga kofi la gotini, kwa kurefusha maneno.