Tangi la Lita Ishirini

Nianze na choo, kwa sababu katika nyumba ile kila kitu kilianzia chooni. Mlango wake ulikuwa karibu na jiko kiasi kwamba nikikaanga samaki nyonga yangu inagusa kitasa. Bomba la kuogea lilikuwa humo humo, juu ya bakuli lililofunikwa, kwa hiyo ulikuwa unaoga umesimama mguu huku na mguu huku, na maji yanayokutiririka yanapita palepale ulipokuwa umekaa asubuhi, ndipo yaingie tundu la sakafuni. Hatua mbili kutoka hapo ndipo tulipokuwa tukila. Na meza hiyo ya kulia, ukiishusha na kuitandikia magodoro, ndiyo kitanda. Mimi nimelelewa Unguja, kwenye nyumba ambayo choo kiko mwisho wa ua na kina kandambili zake ambazo haziingii ndani hata kwa bahati mbaya. Mtu angeniambia kwamba siku moja nitakula, nitalala, nitaswali na nitakwenda haja ndani ya sanduku moja la bati, ningemtukana.

Lakini niliingia mwenyewe, kwa miguu yangu, na nilikuwa nacheka.

Ilikuwa Dubai, mwaka 2014. Nilikuwa nauza manukato kwenye duka moja Al Mankhool, na nalala chumba cha wanawake tisa, kila mmoja na kitanda chake na pazia lake. Mume wangu alikuwa fundi wa makaravani, vile vijumba vya magurudumu vinavyokokotwa na gari, huko Al Quoz, kwenye viwanda, na yeye analala na wanaume wenzake. Arbab wake, yaani tajiri wake, alikuwa akikodisha makaravani hayo kwa watu wanaokwenda kupiga kambi jangwani msimu wa baridi. Tulikuwa na miaka miwili ya ndoa na cheti chake tunacho, lakini tulikuwa tunaonana Ijumaa tu, bustanini, tumekaa kwenye benchi kama wachumba. Nikimshika mkono naangalia kwanza huku na huku. Chumba cha mke na mume kilikuwa juu ya uwezo wetu, na tulishachoka kukiulizia.

Basi arbab aliposema lile karavani bovu nyuma ya yadi tunaweza kulikaa bure, alimradi mume wangu aangalie geti, nilimwambia akubali kabla yule bwana hajageuka. Mlango wetu wenyewe! Mwezi wa saba nikahamia na begi moja na chetezo changu.

Furaha ile ilidumu mpaka nilipoinua godoro. Chini yake palikuwa na manyoya ya mbwa. Si machache. Wateja wa mwisho walikuwa wamelala na mbwa wao humo, na mate yake yalikuwa yameingia ndani ya sponji, ukilibonyeza linakujibu kwa harufu. Kwetu mate ya mbwa yanasafishwa mara saba, mara moja kwa mchanga. Mchanga Dubai si shida. Mume wangu aliniletea ndoo nzima, nikayasugua yale magodoro juani, mara saba nikihesabu kwa sauti, na mafundi wenzake wakinitazama kwa mbali wakidhani mke wa Mzanzibari ameingiwa na jua. Nilitoa pia ubani uliotafunwa na kubandikwa chini ya meza, kucha zilizokatwa ndani ya droo ya vijiko, na kwenye tundu la maji machafu nilivuta nywele za rangi tatu zilizoshikana na mafuta. Nilitapika mara mbili. Nikamaliza, nikasema sasa ni pangu.

Kisha mume wangu akanifundisha choo. Chini ya bakuli kulikuwa na tangi la plastiki la lita ishirini. Linatolewa kwa nje, kupitia kijilango, na lina mpini na magurudumu mithili ya begi la safari. Unalitia dawa ya buluu. Likijaa, taa nyekundu inawaka pale ukutani, unalikokota mpaka kwenye chemba nyuma ya karakana, unafunua mfuniko, unamimina.

"Wapiga kambi linawachukua wiki nzima," akaniambia.

Siku ya tatu lilifurika. Nilikuwa nimesimama na kopo mkononi, na yale maji ya buluu yaliyochanganyika na mengine yakaanza kupanda polepole kwenye bakuli, yakapita ukingo, yakaja kwenye vidole vyangu vya miguu. Nilipiga ukelele wakaja mafundi wanne. Ndipo tulipoelewa: kile kilikuwa choo cha watu wa karatasi. Sisi ni watu wa maji, na mimi ni mtu wa maji mengi. Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha, lakini kujipangusa kwa karatasi nikaondoka hivyo hivyo sikuweza na siwezi mpaka leo.

Hapakuwa na choo kingine cha kwenda. Ng'ambo ya yadi kulikuwa na choo cha vibarua wa maghala, wanaume arobaini na zaidi, hakina mlango, na nilipita karibu yake mara moja tu, nikafunika pua kwa ushungi na sikupita tena. Kwa hiyo tukakubaliana. Taa ikiwaka, mume wangu atalimwaga tangi alfajiri, kabla sijaamka. Ikawa hivyo. Kila siku ya tatu nilikuwa nasikia magurudumu yake yanakwaruza zege, na karavani zima linabaki na ule mvuke wa dawa na mavi, nami ninavuta shuka mpaka machoni.

Kila siku ya tatu. Hilo ndilo lililoniingia kichwani. Mimi natoka saa moja asubuhi, narudi saa mbili usiku. Kutwa nzima niko dukani. Yeye ndiye anayeshinda pale, mwanaume mzima, anafanya kazi juani na kunywa maji kama injini. Nani basi anayejaza? Nikaanza kumtazama akila. Akijipakulia wali mara ya pili, nahesabu. Akinywa glasi ya nne, nahesabu. Alikuwa na tabia ya kulamba vidole baada ya mchuzi, tabia niliyokuwa naipenda wakati wa uchumba kwa sababu ilikuwa inanionyesha nimepika vizuri. Sasa nikawa nageuza uso. Akinigusa kitandani, nilikuwa naona ile mikono asubuhi imeshika mpini wa tangi. Alikuwa anainawa kwa sabuni mpaka inakauka, nami nilikuwa nalijua hilo, na bado nilikuwa nasogea ukutani.

Namwambia siku hizi dada yangu kwamba kinyaa kikiingia ndani ya ndoa hakitoki kwa kufagia. Na kwenye karavani huna hata chumba cha pili cha kwenda kununia.

Mwezi wa tisa joto lilikuwa bado halijapungua na harufu ilikuwa imeingia kwenye mapazia. Nikafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya: nikawasha chetezo. Niliziba madirisha, nikafukiza nguo zangu za kazi, nikafukiza mapazia, nikafukiza na choo chenyewe kwa udi mzuri niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya sikukuu. Moshi ulijaa mpaka sikuona jiko. Nilitoka asubuhi najisikia bibi harusi.

Dukani nilikuwa nafanya kazi na Mkenya mmoja, mtu wa mzaha lakini hana ubaya. Akanivuta pembeni.

"Usinikasirikie, mrembo," akasema, "lakini aki, leo unanuka kama mtu amechoma udi kwa choo."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia usoni, nikaona hatanii. Mimi nilikuwa siisikii. Pua yangu ilikuwa imeshazoea. Udi na mavi vilikuwa vimeshikana ndani ya kitambaa cha baibui langu, nami nimesimama mbele ya rafu za manukato nawanyunyizia wateja viganjani. Kabla ya adhuhuri madam, mwenye kusimamia duka, akaja, akasimama mbali kidogo nami.

"Habibti, leo wewe kaa stoo. Yalla."

Nilikaa stoo baina ya makatoni kutwa nzima, nanusa mikono yangu, na aibu ile ikawa inapanda, inageuka hasira. Niliporudi sikumsalimia.

"Wewe una nini tumboni?" nikamwambia mume wangu, mlango haujafungwa vizuri. "Mie kutwa siko hapa. Nani anayejaza hilo tangi?"

Alikuwa anamenya vitunguu. Akachukua kingine.

"Hebu nijibu!"

"Nisamehe, mke wangu. N'tajitahidi."

"Utajitahidi nini? Kujitahidi kwenyewe kupi huko?"

Ndivyo alivyokuwa kila nikimsema, nisamehe, nisamehe, kila siku ya tatu kama ratiba. Siku ile haikunitosha. Nikamwambia nimetolewa mbele za wateja kwa ajili ya uchafu wake. Nikamwambia kitanda changu Al Mankhool bado hakijapata mtu, na Ijumaa narudi, na yeye abaki na tangi lake. Alijua maana yake. Tungerudi kwenye benchi, na pengine hata kwenye benchi nisingekwenda. Kisha nikaongeza lililo baya kuliko yote, nikamwambia mtu aliyelelewa nyumbani kwenye heshima angeona haya ya mwili wake. Mume wangu ni mtu anayekung'uta kiti kwa leso kabla hajakaa. Alikiweka kisu chini, akatoka, akasema anakwenda kuangalia geti.

Jumanne arbab akamtuma jangwani kutengeneza kambi za mwanzo wa msimu. Wiki nzima. Kabla hajapanda gari alilivuta tangi, akalimwaga, akalisuuza mara tatu kwa mpira, akalitia dawa.

"Nimekuachia tupu kabisa," akasema.

Sikumtazama. Niliposikia gari limetoka, nilishusha pumzi. Nilijitandaza katikati ya kitanda. Nilikula embe peke yangu bila ya kusikia mtu akitafuna. Nilisema moyoni, sasa tutaona nani msafi humu.

Ijumaa, karibu na saa sita mchana, begi langu liko tayari mlangoni, nikaingia chooni mara ya mwisho. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Nikadhani imeharibika. Nikaipiga kwa kiganja. Nikatoka nje, nikazunguka, nikafungua kijilango, nikavuta mpini. Halikuja. Nikavuta kwa mikono miwili, nikasikia ndani yake maji yanapigana. Lilikuwa limejaa mpaka juu.

Nilisimama pale juani muda mrefu. Jumanne tupu, Ijumaa limejaa, na ndani ya nyumba yuko mtu mmoja. Nikafikiria kopo langu, la nusu lita, na mimi nisivyoridhika na kopo moja. Usiku mara mbili, alfajiri, asubuhi kabla ya basi, nikirudi, kabla ya kila udhu. Nikafikiria yeye na safari zake za geti. Geti lilikuwa na kufuli, halikuhitaji kuangaliwa mara tano kwa usiku. Nikageuka nikatazama ng'ambo ya yadi, kile choo cha vibarua kisicho na mlango.

Nililikokota tangi mwenyewe. Njiani gurudumu moja likaanguka kwenye ufa, mfuniko haukuwa umekaza, likanimwagikia miguuni na kwenye pindo la baibui. Vuguvugu. Nikaendelea kuvuta. Nikafunua chemba, mende wakatoka kwa makundi, nikainua, nikamimina, na nikaona kila kilichomo, kwa sababu ilikuwa mchana kweupe. Vyote vilikuwa vyangu. Nilitapika humo humo kwenye chemba, juu yake.

Nikampigia simu nimekaa kwenye zege.

"Tangi limejaa," nikamwambia.

Nilikuwa nasikia upepo wa jangwani unapiga kwenye simu yake.

"Liache hapo hapo," akasema. "N'talimwaga n'kirudi."

"Nishalimwaga. Wewe choo kile umewahi kukitumia?"

"Siku ya kwanza. Kujaribu kama kinafanya kazi."

"Na miezi mitatu hii nakutukana, we unaniomba msamaha tu. Kwa nini hukuniambia kwamba ni mie?"

"Ningekwambia ungefanyaje?" akasema. "Ungeona haya. Ungeacha kunywa maji, na joto lote hili. Nakujua."

Al Mankhool sikurudi Ijumaa ile wala nyingine yoyote. Tulikaa mle mwaka mmoja zaidi, na tangi nililimwaga mimi, kila siku ya tatu, na nikazoea hata mende. Hayo hayakuwa magumu. Kilichonishinda ni pale pale kwenye simu, miguu yangu inanuka, kinyaa kimenijaa mpaka kooni na hakuna mwingine wa kumtupia. Mtu yule alikuwa ameniambia nisamehe mara zisizo na idadi kwa uchafu ambao si wake. Mimi nilikuwa na deni la kulisema neno hilo mara moja tu, kwa uchafu wangu, na nililivuta neno lile likakataa kutoka. Nikamwuliza kama amekula.